Seremala Aliyemliza Timish

Nikifor alikuwa seremala kwenye studio ya filamu mjini Odessa. Mwanawe wa kwanza, Timish, alikuwa na miezi mitano, na baba mtu hakuwa amemzoea. Mtoto akilia, yeye hutoka uani kuvuta tumbaku. Mkewe Palazhka alikuwa ameshasema mpaka akachoka.

Kiangazi hicho studio ilikuwa ikitengeneza kichekesho, habari za kijana aliyebambikiwa mtoto asiyemtaka. Kilihitajika kichanga, Palazhka akamtoa Timish. Shida ikawa moja, Timish hakulia. Mwigizaji alimkunjia uso, akamgongea sufuria sikioni. Mtoto akacheka na kumng'oa masharubu ya bandia. Jua la kupigia picha likawa linawaponyoka. Leizer, mwongozaji, akamgeukia Palazhka kwa hasira.

"Mama, huyu mwanao halii kabisa?"

"Analia," Palazhka akajibu. "Mpe babake uone."

Nikifor alidai ana ukuta wa kupigilia misumari. Hawakumsikiliza. Walimvika koti la mwigizaji, wakamsimamisha kuipa kamera mgongo, wakamkabidhi mwanawe. Timish alimtazama kidogo, mdomo ukamcheza, akaangua kilio.

"Usimwachie, ndugu," Leizer akasema. "Mshike hivyohivyo."

"Ndivyo ninavyomshika siku zote," Nikifor akajibu, na watu wote wakacheka. Alirudi kwenye nyundo yake akapinda misumari mitatu mfululizo.

Majira ya baridi walimwacha mtoto kwa jirani, wakaenda kuiona filamu mchana wa Jumapili. Filamu haikuwa na sauti, piano ndiyo iliyopigwa, na ukumbi mzima ulivunjika mbavu kwa ile mikono iliyomshika mtoto mbali na mwili, kama samovari, birika kubwa la chai, inayovuja.

"Mwanamume gani huyu," mama mmoja aliyeketi kando yao akasema, akijifuta machozi ya kicheko. "Maskini mtoto."

Nikifor alitazama magoti yake mpaka taa zikawashwa.

Kwa jirani alimchukua Timish yeye mwenyewe, naye Timish akalia papo hapo. Nyumbani akamweka begani, wapi. Akamlaza mkononi, kilio kikazidi.

"Mwegemeze kifuani," Palazhka akasema huku akimenya viazi.

Akamwegemeza. "Bado analia."

"Namsikia. Usimlete kwangu."

Jasho lilimtoka na hasira zilimpanda, wala hakujua amkasirikie nani. Tumbaku ilikuwa mfukoni, lakini akaendelea kuzunguka meza naye, mtoto akilia.