Siku Niliyofungiwa Gereji na Ng'ombe wa Mahari

Jambo hili nilikuwa nalificha mpaka nikasikia watu wa Bunda wanalisimulia wao, tena wanaongeza chumvi, kwa hiyo bora niliandike mwenyewe kama lilivyokuwa, na pale nilipokosea nitasema ni mimi, na pale alipokosea fundi nitasema pia, maana naye si malaika.

Nyumba yangu iko Kamunyonge, ukisimama jikoni ziwa unaliona. Nauza dagaa, na dagaa ndio walioijenga, na wakati wa kujenga nikaweka na gereji. Gari sina (sijawahi kuwa nalo, hata kuendesha sijui), ila nilikuwa naonaga nyumba zote za maana zina gereji, basi nami nikataka. Mlango wake ni ule wa vipande vya bati unaojikunja kwenda juu kama mkeka, na ndani nilikuwa naweka magunia ya dagaa, ndiyo kusema dagaa wangu walilala pazuri kuliko wageni wangu.

Mlango ukaanza kulia. Nikamwita fundi mmoja wa Buhare, akapitisha kidole kwenye reli kikatoka chekundu, akasema springi imechoka, vipande vya chini vimeliwa na kutu vibadilishwe, na reli zisuguliwe zipakwe grisi. Mimi ambaye shule niliishia njiani nikamfundisha kazi yake, nikamwambia kutu ni ugonjwa wa watu wa Dar na Tanga wenye maji ya chumvi, maji yetu sisi tunakunywa. Akasema upepo wa ziwani una unyevu usiku kucha, na bati halijui kuonja. Hapo alinishinda. Lakini aliahidi kurudi Jumamosi na hakurudi, nami sikumtafuta, kwa hiyo lawama tugawane.

Sasa binti yangu Nyangeta akachumbiwa na kijana wa Bunda anaitwa Mugeta, na ikapangwa siku ya kuleta ng'ombe. Baba yake Nyangeta alishafariki, kwa hiyo wa kupokea ng'ombe ni kaka yangu Magesa wa Butiama, mtu ambaye hata ugali anaukagua kabla ya kuumega. Uchumba wenyewe alikuwa hautaki, alisema watu wa Bunda wanajisikia, na alishatangaza kwamba siku hiyo kikitokea kioja kimoja tu ng'ombe watapanda gari kurudi kwao na harusi imekwisha. Nyangeta alikuwa hali wala halali kwa ajili ya maneno hayo.

Na mimi mama mtu badala ya kumtafuta fundi nikanunua kopo la rangi ya mafuta, bluu inayong'aa, nikapaka mlango nje na ndani, nikapaka mpaka reli. Nyangeta akaniuliza kama reli nazo hupakwaga rangi, nikamwambia akaoshe vyombo. Asubuhi ya pili, siku yenyewe ya ng'ombe, rangi bado inanata, kwa sababu unyevu ule aliousema fundi ulikuwepo kweli.

Wakwe wakafika na ng'ombe wao kabla ya kaka. Mshenga wao, mzee mmoja mwenye kofia na mdomo, akashauri kwa adabu kabisa kwamba ng'ombe wafungwe kamba pale kwenye uzio tumsubiri mpokeaji. Ningesema ndiyo tu mambo yangeishia hapo. Lakini nikaangalia wale wageni waliojaa chini ya turubai, nikaangalia mlango wangu unavyong'aa, nikasikia mdomo wangu unasema, "Sisi hapa tuna gereji."

Wakaswagwa ndani. Kipini cha nje kilishaanguka zamani, kwa hiyo mlango ule unauvuta kwa kamba ukiwa ndani, ukifika kiunoni unainama unatoka, unaumalizia nje kwa mguu. Nikaingia na kitenge changu kipya, nikavuta, ukagoma, maana rangi ilikuwa imeugundisha kwenye reli, nikauning'inia kwa uzito wangu wote (na uzito ninao), juu kitu kikalia *paa*, springi hiyo imekatika, na mlango ukashuka wote kama gunia lililotupwa toka kwenye lori. Mimi ndani. Ng'ombe ndani.

Nikajaribu kuunyanyua, wapi. Ng'ombe nao wakaanza kuhangaika na kujisugua kwenye mlango, mweupe mmoja akanibana hapo hapo mlangoni, mgongo wangu wote ukajaa rangi. Na dirisha la gereji ni dogo la nondo, mtu hapiti, ila maneno yanapita vizuri sana. Kwa hiyo nilisikia kaka Magesa anafika, anasalimia, anauliza ng'ombe wako wapi, anajibiwa wako gereji, anauliza dada yangu yuko wapi, anajibiwa yuko gereji. Halafu mshenga akasema, "Mzee, sisi tumeleta ng'ombe, sasa naona na mama kaingia kwenye hesabu. Tukiambiwa turudi nao, tunarudi na wote."

Watu wakacheka. Kaka hakucheka. Nikamsikia Nyangeta analia, na hapo ndipo aibu yangu ilipoacha kuwa ya kuchekesha.

Mugeta akaleta jeki ya gari lao, akaichomeka chini ya kipande cha mwisho, kile kilicholiwa na kutu, kikakunjika kama karatasi. Akahamia pembeni kwenye bati zima, mlango ukapanda kidogo, ukagoma tena. Nikalala kifudifudi kwenye mavi ya ng'ombe nikatoa kichwa na mikono, nikakwama. Sasa kwetu mkwe hamgusi mama mkwe, hata mkono hampi, wakikutana njiani mmoja anaingia majanini. Na aliyekuwa amechuchumaa pale mbele ya pua yangu ni Mugeta. Akageuza uso pembeni, akasema taratibu, "Mama, nisamehe," akanivuta kama wavu wa kokoro uliojaa dagaa mbele ya ukoo wake na wangu.

Baadaye wanaume wakauvunja mlango kwa mtaimbo na ng'ombe wakatoka. Yule mweupe alikuwa na ubavu wa bluu. Kaka akamzunguka, kisha akanizunguka mimi, rangi ni ile ile. Mshenga akasema wao walileta mweupe, huyu wa bluu ni uzao wa Kamunyonge, hawamjui.

Kaka akasema, "Kumgusa mama mkwe kuna faini ya mbuzi." Nyangeta akafunika uso. "Lakini kijana hana kosa, alikuwa anamtoa mjinga kwenye shimo alilojichimbia. Mbuzi atatoa dada yangu, ampe Mugeta. Ng'ombe nimewapokea. Leteni chakula."

Nilimtoa mbuzi, na nasema kweli ilikuwa haki. Harusi ilifanyika. Siku hizi nina mlango mpya, reli nazisugua na kuzipaka grisi mwenyewe, rangi haigusi reli, na ukilia kidogo tu namfuata fundi mpaka kwake Buhare hata kama hajaahidi. Mugeta akija kusalimia anasimama mbali kwa heshima, macho chini. Ila ubluu ulikaa kwenye yule ng'ombe mpaka manyoya yalipobadilika, na kule Butiama alikopelekwa watoto wa kaka walishampa jina. Wanamwita Gereji, na akiitwa anaitika.