Upindo wa Pazia la Treni

Miaka ishirini nashona mapazia ya watu, na likizo hii nilimwapia mume wangu kwamba sitashika sindano. Tukapanda treni ya watalii kwenda kutazama milima. Pazia la dirisha langu lilikuwa limefumuka upindo. Nikajikaza dakika kumi nzima, kisha mkono ukajiendea wenyewe mkobani.

"Mama watoto, njoo, mlima uko huku!" mume wangu akaita, na behewa zima likahamia upande wake. Nikainuka, nikavutwa nyuma: nilikuwa nimeshona pazia pamoja na gauni langu. Na mimi, kwa sifa zangu, uzi wangu haukatiki. Nilifumua mpaka stesheni.

Nyumbani jirani akauliza mlima ulikuwaje.

"Muulize baba watoto," nikamjibu. "Mimi niulize upindo."