Nyundo ya Mwinyihaji na Gari Lisilo Magurudumu

Mwinyihaji hakuwahi kununua nazi bila kuigonga. Mtungi wa maji aliugonga, mlango aliugonga, na alipoalikwa karamuni aligonga kwanza sinia ya pilau kwa kidole cha kati, akainamisha kichwa kuisikiliza, ndipo akasema bismillahi. Wenyeji wa Changamwe walikwisha kumzoea. Mgeni aliyemwona kwa mara ya kwanza akigonga nguzo ya msikiti alidhani ana wazimu kidogo, na hakuwa mbali sana na ukweli.

Lakini ndiyo iliyokuwa kazi yake. Tangu ujana wake alikuwa mgonga magurudumu katika yadi ya reli. Gari la moshi lilipoteremka kutoka bara, yeye alilipitia behewa kwa behewa akiwa na nyundo yake ya mpini mrefu, akaligonga kila gurudumu na kutega sikio. Gurudumu zima huimba. Lenye ufa hujibu kwa sauti nzito, kama mtu mwenye mafua. Akilisikia la namna hiyo, alilitia alama ya chaki, na behewa halikwenda popote mpaka litengenezwe, hata kama ndani mna mzigo wa mkubwa gani. "Dereva ana honi," alikuwa akisema, "mimi nina sikio." Nyundo ile hakuna aliyeruhusiwa kuishika. Mkewe, Bi Mwanatabu, aliwahi kuvunjia nayo barafu siku ya Idi, na akasusiwa mpaka Idi ya pili.

Sasa mtu huyu alikuwa na binti mmoja, Mwanarehema, na mwaka ule mmoja kabla ya uhuru binti alikuwa ameshafikia kuolewa. Waposaji hawakukosekana. Shida ni kwamba wote walikwisha kuchunguza mapema namna ya kumpata baba mtu. Karani mmoja wa bandarini aliapa kwamba gurudumu ndilo lililoiumba dunia. Mwenye duka mmoja akasema yeye hapati usingizi asiposikia reli ikilia. Mwinyihaji alitabasamu mpaka jino la mwisho, lakini Mwanarehema aliwakataa wote.

"Mama, mimi nimechoka kuposwa na watu wamsifuo baba," alimwambia mamake jikoni. "Wakishanioa watamsifu nani?"

Aliyemtaka yeye ni Mwidani, kijana wa Likoni aliyekuwa akitengeneza redio katika kibanda chake pale Magongo. Washenga wa Mwidani walikuja, wakanywa kahawa, wakala halwa, wakaambiwa kwa ada kwamba jawabu litakuja. Na jawabu lilikuwa njiani kweli, zuri tu, isipokuwa Bi Mwanatabu alikuwa na haraka. Akaiharibu redio ya nyumbani kwa makusudi, ili kijana aitwe, baba mtu amwone na amzoee. Ningekuwa mimi ningeiacha redio ile iimbe taarabu yake kwa salama.

"Shikamoo, baba," alisema Mwidani, akavua viatu.

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Hini redio imekuwa bubu tangu jana."

Mwidani akaifungua, akaitoa spika, akaipangusa vumbi. Mwinyihaji, ambaye hakuwahi kuona tumbo la redio, aliinama karibu na kuigonga kwa kidole. "Na hini pete nyeusi ni nini?"

"Sumaku, baba. Ndiyo iitikisayo hini karatasi mpaka yaimba."

Hapo ndipo angenyamaza. Mtu mwenye posa iliyosubiri jawabu anafaa kujibu alichoulizwa na kushukuru kwa chai. Lakini Mwidani alipenda sumaku kuliko ilivyo salama, na pia Mwanarehema alikuwa nyuma ya pazia.

"Sumaku ina mambo, baba. Wataalamu wa Ulaya na Japani sasa wafikiria gari la moshi litakaloelea juu ya sumaku. Halitakuwa na magurudumu."

Kikombe cha Mwinyihaji kilisimama katikati ya njia.

"Halitakuwa na nini?"

"Magurudumu. Tazama, baba. Sumaku ina pande mbili. Ukielekezanisha pande zisizofanana, zavutana. Ukielekezanisha zilizofanana, zasukumana. Basi tia sumaku chini ya gari, tia nyingine njiani, zitazamane kwa pande zilizofanana. Gari litainuka lenyewe. Halitagusa chini. Na vitu visivyogusana havisuguani, havipati moto, haviliki. Gari litakwenda mbio ambazo gurudumu haliziwezi."

"Na litalia vipi?"

"Halitalia, baba. Kimya."

Hilo ndilo lililomuumiza Mwinyihaji kuliko yote. Gari bila magurudumu angeweza kulicheka. Lakini gari lililo kimya alijiona analifuata yadi nzima, nyundo mkononi, hana pa kugonga wala cha kusikiliza, na vijana wanamtazama. Moyo ulimwuma kweli, na kwa kuwa hakujua kusema kwamba moyo unamwuma, alikasirika.

"Wallahi!" alisema, akainuka. "Mwanangu haolewi na mtu asemaye maneno hayo, ila anioneshe hilo gari kwa mato yangu, na nyundo yangu iligonge! Jumapili baada ya alasiri, hapa hapa uani. Na ukishindwa, kijana, usirudi tena hata redio ikiungua."

Kiapo kilikwisha kutoka. Nyuma ya pazia pakasikika kitu kikianguka.

Jikoni alikuwako dadake Mwinyihaji, Bi Mwanasaumu, akikuna nazi. Bibi huyu masikio yake yalikuwa na ukungu kidogo, lakini mdomo wake ulikuwa mzima kabisa. Alisikia kelele, akasikia gari, akasikia Jumapili, na lile neno sumaku likamfikia likiwa samaki. Jioni ile alikuwa Mikindani kwa shoga zake.

"Mchumba wa Mwanarehema yuwaleta gari la samaki Jumapili," aliwaambia. "Gari zima! Ndugu yangu mwenyewe kaapa."

Kufikia Ijumaa gari lile lilikuwa na changu na kolekole. Kufikia Jumamosi lilikuwa na nguru pia, na samaki wote walikuwa wa bure kwa sababu ya posa. Sijui bure iliongezwa na nani, lakini ndiyo iliyoenea kuliko yote.

Bi Mwanatabu naye hakukaa bure. Alijifunga buibui akaenda mpaka Magongo, akamkuta Mwidani akichomoa sumaku kutoka spika zilizokufa.

"Mwanangu, nisikize. Atakuuliza kama hilo gari litagongwa. Wewe mwambie litagongwa, basi. Mwambie litagongwa asubuhi na jioni. Ukishaoa, waweza kulitoa hata paa."

"Lakini mama, halitagongwa."

"Kwani nani yuwakuuliza kweli? Wataka mke ama wataka kweli?"

Mwidani alisema anataka vyote viwili, na Bi Mwanatabu akarudi nyumbani akiwa na maumivu ya kichwa.

Jumapili ilipofika, Mwidani aliingia uani na mfereji wa mbao wenye urefu wa benchi, wenye kuta ndogo pande mbili. Sakafuni mwa mfereji alikuwa amebandika sumaku safu nzima, zote zikitazama juu kwa upande mmoja. Mfukoni alikuwa na kigari cha kisanduku cha biskuti, chenye sumaku zake tumboni. Aliweka mfereji na kigari juu ya meza, akainua uso, akakuta uani mmejaa wanawake wenye vikapu.

"Samaki wako wapi?" aliuliza mmoja.

"Sumaku, mama."

"Ndiyo, hao hao. Wako wapi?"

"Si samaki, mama. Sumaku!"

"Tumekusikia, mwanangu, usitupigie kelele. Fungua hicho kisanduku."

Kisanduku kikafunguliwa, kikaonekana hakina hata dagaa. Bi Mwanasaumu alitazamwa na uani mzima, akajifanya hasikii, na kwa mara moja hiyo alikuwa anasikia vizuri sana. Hata hivyo hakuna aliyeondoka. Mtu aliyetoka Mikindani kwa miguu hataki kurudi mikono mitupu, atachukua angalau habari.

Mwinyihaji aliketi mbele, nyundo mapajani. Kando yake alikaa Mutua, rafiki yake wa yadini, mtu wa Ukambani ambaye kazi yake ilikuwa kupaka mafuta ekseli za mabehewa.

Mwidani akaweka kigari mferejini, akakiachilia. Kilishuka kidogo, kikasita, kikabaki hewani. Alichukua ukanda wa gazeti, akaupitisha chini yake kutoka mwanzo wa mfereji mpaka mwisho, na gazeti likatoka upande wa pili bila kukwama. Wanawake wakasema "Yalaaa!" kwa pamoja.

"Hizi kuta ni za nini?" aliuliza Mwinyihaji, akitafuta kosa.

"Bila kuta, baba, chateleza pembeni, chapinduka, halafu sumaku zashikana. Sumaku hazipendi kutulia zenyewe. Gari la kweli litatumia sumaku za umeme. Likikaribia mno, umeme wapunguzwa ama wazidishwa mpaka lakaa sawa."

Kisha akakipuliza kigari kwa mdomo. Kikaenda mpaka mwisho wa mfereji, taratibu, bila sauti yoyote.

"Na hilo kubwa litapulizwa na nani?" Mwinyihaji akauliza, na watu wakacheka.

"Njia yenyewe italisukuma, baba. Sumaku za njiani zawashwa kwa zamu. Iliyo mbele hulivuta, iliyo nyuma hulisukuma, na likipita zabadilishana."

"Kama ng'ombe," alisema Mutua. "Mmoja anavuta kamba, mwingine anasukuma matako. Nimeelewa. Lakini mimi hii kitu nitapaka mafuta wapi?"

Mwinyihaji alikuwa amekwisha kusimama. Alikunja mkono wa kanzu, akainua nyundo kama alivyoiinua mbele ya kila gari lililowahi kuteremka kutoka bara. Alikusudia kugonga polepole, kwa heshima ya kazi. Lakini nyundo ilipokaribia mfereji ilimshinda nguvu. Ikaruka yenyewe, ikajipiga kwenye sumaku, na kigari nacho kikaruka kikapinduka na kuganda kwenye kichwa cha nyundo. Mwinyihaji akavuta. Mfereji mzima ukainuka pamoja na nyundo, ukaning'inia hewani.

"Amenasa!" alipiga kelele yule mwanamke wa kikapu. "Samaki huyo, amenasa!"

Watu walicheka mpaka wengine wakakalia vikapu vyao. Mutua alishika upande mmoja, Mwidani upande wa pili, wakavutana na mzee mpaka nyundo ikatoka. Mwinyihaji aliketi. Alikuwa ameona haya, na zaidi ya haya alikuwa na hofu, na hofu ile ndiyo iliyomfanya aulize lile swali kwa sauti ndogo ambayo nyumba nzima haikuizoea.

"Mwidani. Siku gari hilo likija. Mtu wa kazi yangu atagonga wapi?"

Bi Mwanatabu alianza kukohoa. Alikohoa akamkazia kijana mato, akatikisa kichwa kuashiria ndiyo, ndiyo, sema lolote. Nyuma ya pazia la mlango Mwanarehema alisogea karibu. Mwidani alitazama pazia, akatazama nyundo, na uso wake ukamwonesha kila mtu kwamba anajua anachokaribia kupoteza.

"Hatagonga popote, baba," alisema. "Hakutakuwa na cha kugonga. Nisamehe."

 Mwinyihaji alikaa akiangalia mikono yake. Halafu aliinuka, na wote wakadhani anaingia ndani kufunga mlango. Badala yake alimpa Mutua nyundo aishike, jambo lililomfanya Mutua aikamate kwa mikono miwili kama mtoto mchanga. Akakirudisha kigari mferejini mwenyewe, akakiwekea kiganja juu, akakikandamiza. Kigari kikamsukuma. Akakandamiza tena, kwa nguvu zaidi, nacho kikamsukuma kwa nguvu zaidi. Hakukuwa na kitu katikati, ila upinzani ule aliuhisi mpaka kwenye kiwiko. Akaanza kucheka, kicheko kidogo cha mtu aliyeshindwa bila kuumia.

"Karani alinidanganya," alisema. "Mwenye duka alinidanganya. Wewe mke wangu, hicho kikohozi chako nimekisikia, mimi ni mtu wa masikio." Akamgeukia Mwidani. "Wewe ungeweza kunidanganya kwa neno moja tu, ukapata utakacho. Aliyeshindwa kumwongopea baba mtu ili apate mke, hatamwongopea mke akishampata. Gari nimeliona, na nyundo imeligonga, kiapo kimetimia. Waambie washenga waje Ijumaa."

Kwa desturi, hapo mama mtu hupiga kigelegele, au shangazi, na mwari hukaa ndani kimya akiinamisha uso kwa haya. Bi Mwanatabu alikuwa bado na kikohozi, cha kweli safari hii, na Bi Mwanasaumu alikuwa akiuliza watu kumesemwa nini. Kigelegele cha kwanza kilitoka nyuma ya pazia, kirefu, cha mwari mwenyewe, na Mwinyihaji akainamisha kichwa kukisikiliza mpaka kikaisha.