Mfuko wa Baba Chini ya Kanga
Jamani, naandika haya uso nikiwa nimeuficha kwenye mtandio. Baba yangu karudi kwetu Mbagala kutoka hospitali na mpira wa mkojo na mfuko wake. Nesi alinieleza taratibu kwamba mfuko uning'inie pembeni ya kitanda, chini ya usawa wa kiuno, maana ukiupandisha, mkojo unarudi kibofuni na vijidudu vyake. Nikaitikia, "Nimeelewa, sista." Mie, mjuaji!

Jumapili wakwe zangu wakapiga hodi, wametoka Mbweni kuja kumjulia hali. Nikauona ule mfuko ulivyojaa njano, aibu ikanishika. Wakwe wauone mkojo wa baba yangu? Nikaunyanyua, nikaulaza juu ya mito miwili kando ya kifua chake, nikaufunika kwa kanga mpya. Na udi nikafukiza.

Wageni wakanywa soda, mazungumzo yakanoga. Baba akaninong'oneza, "Mwanangu, tumbo linajaa."

"Vumilia kidogo, baba."

Jasho likaanza kumtoka. Mama mkwe akauliza, "Mbona mgonjwa hatulii?"

"Joto tu, mama," nikajibu kwa tabasamu, huku nampepea kwa kipande cha boksi.

Hapo baba akanyoosha mkono, akaivuta ile kanga mbele ya wote.

"Haya, wameshauona," akasema. "Sasa ushushe, mwanangu. Naumia."