Mwisho Ambao Sikuuandika

Mimi ni fundi cherehani pale mtaa wa Mukendo, mjini. Kidato cha nne nilikimalizia madarasa ya usiku, nikiwa na ndevu kumzidi mwalimu wa hesabu. Huko ndiko nilikozoea hadithi za maneno mia, maana umeme ulikuwa unakatika kabla hujafika mia na moja. Sasa naziweka kwenye status ya WhatsApp na kwenye magrupu, kila siku moja, mwaka wa tatu huu. Nimechoka mpaka kidole gumba kinakoroma.

Moja niliiandika baada ya kutoka Kibara kwa dada yangu. Mumewe alizama ziwani na hakuonekana. Miezi saba ilikuwa imepita, dada bado alikuwa anapakua sahani mbili za ugali. Sikutaja jina wala kijiji. Hadithi iliishia kwenye sahani ya pili ikipoa. Basi.

Wakati huo ukoo wa shemeji ulikuwa unataka kumaliza msiba. Kwetu, aliyezama asipopatikana tunazika shina la mgomba badala yake, kaburi liwepo na mjane apumzike. Dada alikuwa amekubali, siku imepangwa. Halafu akakataa. Kaka mkubwa wa marehemu akanipigia kutoka Butiama.

"Shemeji, dada yako anasema haziki mgomba, mumewe yuko hai. Sisi tumechoka. Nenda wewe msomi."

Kabla sijafunga cherehani, ujumbe wa dada ukaingia. Ilikuwa hadithi yangu, imeshapita kwenye simu za Tanzania nzima, jina langu limeanguka njiani. Chini yake mtu nisiyemjua alikuwa ameongeza mistari mitatu: hodi ikapigwa, mume akaingia amelowa, akala chakula chake. Tuma kwa watu kumi.

Dada alikuwa ameandika, "Mdogo wangu, soma. Kuna mtu Mungu amemwonyesha."

Nikapanda gari la Bunda, kisha la Kibara. Njia nzima nilitunga cha kumwambia, nikakifuta, kama mara elfu nne.

Nilimkuta anaanua dagaa. Nikamwambia hivyo hivyo, kwamba hadithi ile niliiandika mimi.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, dada."

"Na kurudi kwake?"

"Hapo si mimi. Mimi niliishia kwenye sahani."

Akaendelea kuanua. Nikakaa chini.

"Ulikuwaga muongo tangu mtoto," akasema. "Ulisemaga kambare wa baba alibweka."

"Alibweka kweli."

"Sasa siku hii moja ndiyo umeamua kusema ukweli."

Alimaliza dagaa wote, akachukua simu, mwenyewe akampigia yule kaka mkubwa wa marehemu.

"Njooni Jumamosi," akasema, akakata.

Jumamosi walikuja na shina, wamelifunga kwa shuka jeupe. Watu wakasimama. Dada akalitazama toka chini mpaka juu, taratibu, kama mimi ninavyompima mteja.

"Mume wangu alikuwa mrefu kuliko hili," akasema. "Kakateni jingine."

Kaka wa marehemu akanigeukia mimi, kana kwamba na hilo nimeliandika. Nikachukua panga, tukarudi wote migombani.