Nafasi ya Nne ya Swichi

Kaka yangu alipotea tulipokuwa tukikimbia kutoka upande wa Uvira, na mama hajawahi kumtaja kama mtu aliyekufa. Hapa Nakivale, kwenye makazi ya wakimbizi, alipata namna ya kumngojea. Kila Jumamosi jioni, kituo kimoja cha mbali husoma, kwenye masafa mafupi, salamu za watu waliopoteana. Mama aliketi mlangoni, redio mapajani, akisikiliza majina. Lakini hayakusikika yote. Mnara wa FM ulio karibu nasi ulikuwa na nguvu mno. Katikati ya orodha muziki ulipanda, msomaji akazama, na alipoibuka alikuwa tayari kwenye kijiji kingine.

"Umesikia?" mama aliniuliza kila mara. "Jina yake imepita mule mule mu makelele."

Nilisomea elektroniki Bukavu, enzi ambazo nilikuwa na sababu ya kudhani kwamba ningeishi kwa elimu hiyo. Niliujua ugonjwa wa redio ile. Redio za bei ndogo huwa na kikuza mawimbi kimoja kinachohudumia bendi zote, na mbele yake hakuna kichujio cha maana. Kila kinachofika kwenye antena huingia. Kituo chenye nguvu hukishibisha kikuza, na kilicho dhaifu hakisikiki hata kama sindano imesimama juu yake barabara.

Laiti ningekuwa huru, ningejenga redio ya masafa mafupi peke yake. Lakini umeme ulitoka kwenye paneli ya jua ya jirani yetu, mwanamke wa Kirundi aliyeuza mihogo, na makubaliano yalikuwa kwamba redio ni ya nyumba zote mbili. Nilipomweleza nia yangu hakuacha kupepeta maharage.

"Weye chuja yote unayotaka, Maman enjenieri," alisema. "Lakini padiri wangu wa Jumapili umuachie apite. Ukimchuja na yeye, nachomoa waya."

"Padiri atapita."

"Na kwaya."

"Na kwaya pia."

Kwa hiyo ilibidi kikuza kibaki kimoja, kwa kuwa chaji ya paneli haikutosha viwili, na kichujio nacho kiwe cha kushirikiana: koili moja yenye matawi, na swichi ya kuchagua tawi la masafa mafupi, la masafa ya kati, au njia ya FM. Tatizo la mpango wa namna hii halina dawa. Ukiweka kichujio nyuma ya kikuza, unakuwa umechelewa, kelele zimekwisha kuingia. Ukikiweka mbele, kinameza sehemu ya mawimbi yale yale unayoyatafuta, na koili inayotumikia bendi zote haiifai hata moja kikamilifu. Nilichora, nikafuta, nikachora tena, na kila mchoro ulininyima kitu.

Mwishowe niliamua kukiweka mbele, na transista isiyo na kelele, ya kufidia kitakachomezwa, niliifuata Mbarara, kwa fundi mmoja mstaafu wa jeshi aliyewahi kutunza redio za kambini. Aliutazama mchoro wangu kwa muda, akatabasamu.

"Sasa nyabo, shortwave ya nini? Watu wote nasikiliza kwa simu."

"Kituo hiki hakiko kwenye simu."

"Basi hicho kituo ni mzee kama mimi." Akafungua droo. "Chukua hii. Lakini chunga, mnara yenu huko nyumbani iko na nguvu. Iko naua hizi kama panya."

Nilirudi kupitia Kabingo, transista imefungwa kwenye leso. Nilizungusha koili kwa mkono juu ya kipande cha bomba, nikaongeza na kupunguza mizunguko hadi muziki wa FM ulipokatika ghafla, kama mtu aliyefungiwa mlango. Nadhani nilicheka peke yangu.

Jumamosi ile msomaji alisikika kana kwamba ameketi nasi uani. Tulisikia pumzi yake. Tulisikia karatasi ikigeuzwa. Alisoma majina yote, wazazi wao, vijiji vyao, hadi mwisho, na hakuna hata moja lililopotea. Jina la kaka yangu halikuwamo.

Jirani alipiga makofi. "Maman, si sasa unasikia bien?"

"Nasikia," mama alisema. "Nasikia yote."

Jumamosi iliyofuata ilikuwa vivyo hivyo, na nyingine baada yake. Mama aliacha kuniuliza kama nimesikia. Hatimaye, siku moja nikiwa namenya ndizi, alikuja na redio mkononi akaiweka karibu na kisu.

"Mwanangu, rudisha vile ilikuwa."

"Mama, ile ya zamani ilikuwa mbovu."

"Najua. Mu makelele alikuwa na fasi ya kujificha. Huku umefagia, hakuna mutu."

Niliifungua redio. Swichi niliyoinunua ilikuwa na nafasi nne, na nilikuwa nimetumia tatu. Kwenye ya nne niliunganisha waya mtupu kutoka antena hadi kikuza, bila kichujio chochote. Kazi ambayo mwalimu wangu wa Bukavu angeikatia alama. Jumamosi mama aliizungusha mwenyewe. Muziki ulipanda, msomaji akazama, akaibuka mahali pengine. Nilimtazama usoni. Alisikiliza kwa adabu, kama anavyosikilizwa mgeni anayesimulia habari ambayo wenyeji wanaijua tayari, na kabla orodha haijakwisha alinyoosha mkono akazima.

"Peleka kwa jirani," alisema. "Kesho iko misa."

Sasa redio hukaa kwa jirani, na mama Jumamosi jioni hulala mapema. Mimi huenda kuiazima. Ninaiweka kwenye nafasi ya masafa mafupi, na kichujio chake, ninasikiliza majina yote hadi mwisho, kisha ninairudisha.