Filimbi Niliyompulizia Kukhu

Wiki iliyopita mwenyekiti wa kamati ya usalama ya mtaa wetu hapa Kakamega alinigongea mlango, akaniachia filimbi ya plastiki yenye uzi wa kuvaa shingoni. "Mpatie binti yako," aliniambia, "akiona mtu haeleweki apulize tu." Nikaitia mdomoni, sijui kwa nini. Ladha ilikuwa ile ile ya utotoni, plastiki mpya na vumbi la dukani. Nikatema mate palepale mlangoni.

Nilikuwa na miaka tisa nilipopewa ya kwanza. Kuku walikuwa wanapotea mtaani, wazazi wetu wakishinda kazini, kwa hiyo kamati ikaamua sisi watoto tulinde wakati wa likizo. Lo, tulivyojiona! Tulitembea vifua mbele, tukapulizia paka, tukampulizia muuza mandazi, hadi mama akaapa ataitupa filimbi yangu chooni.

Chini ya mteremko, kwenye baraza la posho mili ya kusaga unga iliyofungwa, alikuwa analala mwanamke mzee tuliyemwita Kukhu, yaani nyanya. Kwao ni upande wa Iguhu. Shemeji zake walimfukuza shambani mumewe alipokufa. Hayo niliyajua baadaye. Wakati huo nilijua tu kwamba baraza lile alilifagia kila asubuhi, magunia ya kulalia aliyakunja vizuri, na akiwa na mapera alinigawia. Tena nilijua alivyosema mwenyekiti wa siku zile kwenye mkutano, mbele yetu watoto: "Mtu hana hata mlango, atakosaje kuwa mwizi?" Upuzi mtupu, na watu wazima wenye akili zao wakampigia makofi!

Alasiri moja nimeketi langoni, nikamwona Kukhu anapanda mteremko na kuku wetu kwapani. Nilimtambua kuku kwa kitambaa chekundu alichofungwa mguuni, maana kila nyumba ilikuwa na rangi yake. Tulikuwa tumemtafuta siku tatu. Sikumwamkua Kukhu, wala sikumwuliza kitu. Nilipuliza.

Watu walitokea kila upande, na rungu, na miti ya kuni. Bomba la maji lilipopasuka juma zima hakutokea hata mmoja! Wakamnyang'anya kuku, wakamsukuma, akaanguka, na leso aliyojifunga kiunoni ikafunguka. Mayai yakapasukia barabarani.

"Alikuwa anatagianga kwangu!" Kukhu alilia. "Si nilikuwa napelekea mama ya huyu mtoto? Mjukuu, si uwaambie!"

Aliniangalia mimi. Filimbi ilikuwa bado mdomoni mwangu. Niliing'ata.

Walimfuata hadi posho mili, wakayachoma magunia yake mbele ya macho yake, wakamwambia asionekane tena. Aliondoka kwa kuchechemea, akashika barabara ya Mumias bila hata leso, kwa sababu leso ilikuwa imelowa mayai na mtu ameikanyaga. Sikumwona tena. Alilala wapi siku ile, mvua ilivyonyesha, sijui, na katika wale waliokuja na rungu hakuna aliyeuliza.

Jioni mama alimchinja kuku yule kuishukuru kamati. Walikaa sebuleni kwetu wakala ingokho na obusuma, kuku kwa ugali, firigisi akapewa mwenyekiti kama ilivyo desturi kwa mgeni wa heshima, nami nikapewa paja na kusifiwa kwamba nina macho. Nililila lote. Wiki iliyofuata kuku wa jirani akapotea, na wa jirani mwingine, na Kukhu hayupo.

Ile filimbi mpya nimeitupa chooni. Laiti mama angeitupa ile ya kwanza! Mwenyekiti wa sasa atakapokuja kuniuliza nitamwambia wazi, na akasirike akipenda, maana mimi nimekasirika miaka mingi na wa kwanza ninayemkasirikia ni mimi mwenyewe.

Nilikuwa mtu mzima, nashuka mteremko ule na kikapu kwenda sokoni, nilipong'amua. Aliyeiba kuku angeshuka naye huku. Kukhu alikuwa anapanda. Alikuwa anakuja kwetu mchana kweupe, ameniona langoni, ananitabasamia. Nililiona tabasamu lile kabla sijapuliza.